Ukiletewa mashine ya kupima uongo kazini, kalamu iweke mfukoni

Wadau habari zenu, hii nilitaka kuiandika toka msimu uliopita nikawa naahirisha tu, ila juzi kijana mmoja wa Chikongola kanipigia usiku, "kaka kesho kazini tunapimwa uongo, nifanyeje?" Nikaona bora niandike msome wote.

Mi nilikuwa karani wa ghala la korosho hapa Mtwara, kampuni siitaji. Msimu unaisha, hesabu ikaja na pungufu la kilo 640. Aliyekaa na korosho anajua zinanyauka, unazipokea Oktoba zina unyevu, mpaka zinapakiwa uzito umeshashuka, lakini bosi habari za unyaufu hakutaka hata kuzisikia, akamleta jamaa kutoka Dar na kibegi chake. Tukaitwa mmojammoja, unafungwa mikanda kifuani, mkononi kile kitambaa kama cha kupimia presha, vidoleni wanakubandika vitu vya waya. Kinachosomwa pale ni unavyohema, mapigo ya moyo, presha na jasho la vidole, basi. Sasa we fikiria, ghala la bati, joto la Januari la Mtwara, ada za watoto hazijalipwa, halafu mtu anakuuliza "uliiba?", nani hapo hatoki jasho? Wakapima jasho letu, unyevu wa korosho hakuna aliyeupima.

Marekani kwenyewe ilikoanzia, toka 1988 kuna sheria inayowakataza waajiri wengi wa binafsi kuwapima watu wao hivyo. Na yule jasusi Aldrich Ames, mtu wa CIA aliyekuwa anawauzia Wasovieti siri, alipimwa 1986 na 1991 akapita mara zote mbili. Mi karani wa korosho nikaambiwa nimefeli.

Ila kilichoniumiza zaidi ni karatasi. Nimetoka pale natetemeka nikawekewa mezani, "saini hapa yaishe", imeandikwa nakubali upotevu, nikasaini nikijua nalinda kazi. Wiki haijaisha nikapewa barua ya kufukuzwa na mshahara wa mwisho wakakata wote. Nikapoteza wiki tatu nzima namfuata bosi kumbembeleza, mpaka shemeji yangu wa Lindi akanigombeza, we unabembeleza nini na siku zinaenda?

Maana malalamiko ya kufukuzwa yanatakiwa yafike CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Mi nilifika siku ya 26. Unajaza fomu namba 1, nakala unampelekea kwanza mwajiri akusainie kwamba kapokea, ndo unarudi kuisajili, kwa hiyo usisubiri siku ya mwisho uje kuambiwa bosi kasafiri.

Kwenye usuluhishi wakaulizwa, kikao cha nidhamu kilifanyika lini? Kimya. Walikuwa na karatasi ya mashine tu na ile saini yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndo athibitishe ana sababu halali na kafuata utaratibu, ilimradi umeshafikisha miezi 6 kazini. Kikao unapewa angalau masaa 48 ya kujiandaa na unaingia na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Na hasara haikatwi kiholela, waandike imetokeaje na wamehesabuje, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Mwisho walikubali kunilipa notisi, likizo na zile hela walizokata. Kazi sikurudi, na sikutaka.

Yule kijana nikamwambia asikimbie kazi, maana ukizidisha siku 5 za kazi bila ruhusa ushawapa sababu ya bure. Aombe barua inayosema anapimwa kwa tuhuma gani, wakimletea karatasi aombe aende nayo akaisome, wakimlazimisha aandike pembeni ya saini "nimepokea tu, sikubaliani", aipige picha kabla haijaondoka mezani. Jana kanitumia picha, kaandika "nimepokea" basi, lile la pili anasema mkono ulikuwa unatetemeka. Jumatatu tunaenda naye CMA kuuliza.