Ngozi huoteshwa, figo hupandikizwa

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi ni muuguzi katika wodi ya walioungua hapa Nairobi. Tunaandika kijikaratasi cha kuwaeleza jamaa za wagonjwa matibabu ya ngozi inayokuzwa maabara. Mwenzangu ameandika "uhandisi wa tishu" na "kupandikiza tishu" kila mahali. Mimi nasita, kwa sababu juzi nilimwambia mama mmoja kwamba tutamtoa mwanawe tishu kidogo pajani, naye akafungua mkoba akanipa pakiti nzima ya tishu. Tuandike nini?

JIBU: Salamu dada, na asante kwa kazi unayoifanya.

Mama yule hakukosea. Nenda duka lolote la mtaani uombe tishu, uone utapewa nini. Vitabu vya biolojia vinalitumia neno hilo kwa maana yao, lakini kwa Mnairobi maana ya kwanza ni karatasi laini, na mtu mwenye hofu hushika maana ya kwanza. "Seli" nayo ina shida hiyohiyo: kwa wengi ni chumba cha kituo cha polisi.

Ushauri wangu ni kuitaja sehemu yenyewe. Hakuna anayeungua tishu. Huungua ngozi, huvunjika gegedu la pua, hukatika mshipa wa damu. Andika ngozi, gegedu, mshipa. Mkilazimika kutumia jina la jumla, andikeni "tishu za mwili" mara ya kwanza, na msiliache neno hilo peke yake kwenye kichwa cha habari.

Shida kubwa zaidi naiona katika "kupandikiza", na hapo naomba tuchukue muda kidogo. Mwezi uliopita nilisimama kwa muuza miche mmoja kando ya Barabara ya Ngong. Nilimuuliza kuhusu miche mitatu iliyokuwa mbele yangu. Akagusa wa kwanza: "Huu nimeotesha kwa mbegu." Akagusa wa avokado, akanionyesha kovu ambapo tawi lilifungwa kwa plastiki juu ya shina la mti mwingine: "Huu nimepandikiza." Kisha mgomba: "Huu ni wa tishu, hutoka maabara." Wakulima wetu wamekuwa na migomba ya maabara tangu miaka ya 1990, kwa hiyo kitendo cha kukuza kiumbe kutoka kipande kidogo mno ndani ya chupa si kigeni kwetu, na lugha yake ipo.

Tazama alivyotenganisha. Kuotesha ni kukifanya kitu kiote. Kupandikiza ni kuchukua kilichokwisha kuota na kukishikisha mahali pengine. Ndiyo maana tunasema figo imepandikizwa: ilikuwa figo tayari, ndani ya mtu mwingine. Ngozi yenu ya maabara hupitia vitendo vyote viwili kwa zamu. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green walionyesha namna ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu nje ya mwili. Mwaka 1983, huko Marekani, watoto wawili ndugu waliungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao. Madaktari walichukua vipande vidogo vya ngozi iliyosalimika, wakaviotesha hadi vikawa mashuka ya kuwafunika, kisha wakawapandikiza. Walipona. Mwaka 2017 ikatangazwa habari ya mtoto aliyetibiwa Ujerumani ambaye ugonjwa wa kurithi ulikuwa umemharibu ngozi: karibu asilimia 80 ya ngozi yake ilioteshwa upya, safari hii baada ya kasoro ya jeni kurekebishwa ndani ya seli zake mwenyewe. Ukisema "alipandikizwa" tu, msikilizaji atauliza ngozi ilitoka kwa nani, na pengine atakataa. Kitenzi kimoja kinachokosekana kinaweza kumnyima mtoto matibabu.

"Kutengeneza" nacho mkiogope. Fundi hutengeneza meza mpya, na hutengeneza meza iliyovunjika. Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake walitoa taarifa ya vijana na watoto 7 waliozaliwa na mgongo wazi, ambao vibofu vyao vya mkojo havikufanya kazi vizuri. Seli zilitolewa kwenye vibofu vyao, zikakuzwa, zikawekwa juu ya umbo la kibofu, na baada ya takriban wiki 7 umbo hilo likaunganishwa na kibofu cha awali. Je, kibofu kilitengenezwa? Ndiyo, kwa maana zote mbili, na ndiyo sababu neno hilo halifai. Semeni umbo jipya *liliundwa* maabara, na kibofu cha mgonjwa *kikarekebishwa*.

Kuunda kunatupa pia jina la lile umbo ambalo seli hushikilia. Penda ikazaa mpenzi, linda ikazaa mlinzi, unda ikazaa kiunzi. Mkenya analijua: ni vile vizuizi vya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wapo wanaopendekeza "jukwaa", kama lile la mafundi wa ujenzi. Silikubali. Fundi husimama juu ya jukwaa, lakini nyumba haichukui umbo la jukwaa. Seli huchukua umbo la kiunzi. Ila kiunzi cha mifupa ni mifupa yote ya mwili, kwa hiyo tajeni kimetengenezwa kwa nini na kitaishia wapi: "kiunzi cha kolajeni kinachoyeyuka chenyewe" (kolajeni ni protini inayoipa ngozi uimara).

Mfano mpya wa kuunda ni mshipa wa damu ulioidhinishwa Marekani Desemba 2024 kwa watu waliojeruhiwa mishipa ya mikono au miguu. Seli za binadamu huwekwa juu ya kiunzi, hujenga ukuta wa mshipa, kiunzi huyeyuka, kisha seli zenyewe huoshwa zikaondoka. Hubaki bomba la protini, na likishawekwa mwilini seli za mgonjwa huhamia humo. Huo haukuoteshwa kutoka kwa mgonjwa, kwa hiyo "kuotesha" hapa litapotosha.

Na msiandike "ngozi bandia" kwa ngozi iliyoota kutoka kwa mtoto mwenyewe. Noti bandia si noti. Neno hilo liachieni vitambaa vya tiba kama kile cha John Burke na Ioannis Yannas cha mwaka 1981, kilichoundwa kwa kolajeni ya ng'ombe, gegedu la papa na silikoni.

Kuhusu "uhandisi wa tishu", mwenzako hajakosea. Mhandisi hupima na kubuni, na hivyo ndivyo taaluma hiyo ilivyo. Chuoni jina libaki. Kwenye kijikaratasi halina kazi, kwa sababu mama anayesubiri kando ya kitanda hajauliza jina la taaluma.

Sentensi ninayopendekeza ni hii. Msomeeni mama mmoja kwanza, mwambieni airudie kwa maneno yake, na akikwama popote badilisheni hapo: "Tutachukua kipande kidogo cha ngozi ya mtoto wako mahali ambapo hakuungua. Tutakiotesha maabara kwa wiki chache mpaka kienee. Kisha tutampandikiza ngozi hiyo hiyo, ambayo ni yake mwenyewe, pale alipoungua."