Maswali ya Wasomaji: Kumuenzi Meneja Aliyeanza na Jezi Namba 3

Barua za mwezi huu zimetoka Moshi na Arusha, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: klabu ya mtaani imefiwa na mtu aliyeichezea, kisha akaisimamia miaka mingi. Wanaobaki wafanye nini, na wakifanyeje?

Shikamooni wahariri. Marehemu mzee wetu alikuwa beki wa kushoto wa klabu yetu miaka ya sabini, baadaye akawa meneja. Tumepewa kazi ya kuandika historia yake isomwe siku ya kumbukumbu. Tatizo, kila mkongwe tunayemuuliza anatupa mwaka wake. Tuanzie wapi? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Marahaba, na poleni kwa msiba. Anzeni na makaratasi, ndipo muende kwa watu. Kwenu kuna bahati moja: huyu alikuwa meneja, na meneja wa huku kwetu si yule wa Uingereza anayepanga kikosi. Ni yule anayejua jezi zimelala kwa nani, leseni ya nani haijatoka na watu ishirini watalala wapi Tanga. Kazi hiyo huacha karatasi: orodha za wachezaji, nakala za barua kwa chama cha mpira cha mkoa, risiti za basi, daftari la posho. Ombeni familia iwaruhusu kupekua masanduku mapema, maana nyumba ikishafanyiwa usafi baada ya matanga, madaftari ya namna hiyo ndiyo hutangulia kuwashia moto.

Mkishapata karatasi, kila mwaka mnaotajiwa upimeni kwa jambo linalojulikana. Mkongwe akisema marehemu aliifunga Simba mwaka 1969, mjue pana kasoro: klabu hiyo iliitwa Sunderland mpaka 1971. Huenda mwaka ndio umekosewa, huenda jina, kwa hiyo msisahihishe kimyakimya, mrudieni. Ligi ya Taifa ilianza 1965, basi "ubingwa wa ligi" wa kabla ya hapo ni wa mkoa au wa kombe jingine. Barua yenye kichwa cha FAT, jina la awali la shirikisho la mpira nchini, ni ya zamani kuliko yenye kichwa cha TFF, jina lililokuja 2004. Mkoa wa Manyara, wenye Babati, ulimegwa kutoka Arusha 2002, hivyo mtu wa Babati katika timu ya mkoa wa Arusha mwaka 1985 si mamluki. Na mkikuta msimamo wa ligi kwenye daftari, angalieni ushindi umehesabiwa pointi ngapi. Pointi 2 ni hesabu ya zamani. Pointi 3 zilienea duniani katikati ya miaka ya tisini.

Wakongwe wahojini mmoja mmoja. Mkiwaweka pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeandika historia. Msiulize "ilikuwa mwaka gani?" Mpeni picha ashike, mumuulize mlisafiri na gari gani, mlilala wapi, nani alikuwa golini siku hiyo. Mwaka hupotea kichwani, lakini mtu hasahau aliyelala njaa naye. Pale ambapo hamkufikia muafaka andikeni "1974 au 1975" na muendelee. Kwa mechi kubwa, magazeti ya zamani kama *Uhuru* hutafutwa Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Nendeni na miezi miwili mitatu mliyoikadiria, si na muongo mzima, na mfungue gazeti la siku mbili tatu baada ya mechi, kwa kuwa matokeo ya mikoani yalichelewa kufika mezani.

Albamu ya marehemu meneja wetu ina picha za timu zilizonata kwenye kurasa za gundi zenye nailoni juu. Nyingine imegandia kioo cha fremu. Tunataka bango kubwa. Tuzibandue vipi? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha)

Ya kwenye kioo msiibandue kabisa. Unyevu ulilainisha tabaka la juu la picha, lile lenye sura, likashikana na kioo. Ukivuta, karatasi itakuja na sura zitabaki kwenye kioo. Futeni kioo kwa nje, muiskani pamoja na kioo chake.

Za kwenye albamu, funueni nailoni taratibu kuanzia kona. Chukueni uzi wa kusafishia meno usio na ladha wala mafuta, upitisheni chini ya picha, muusogeze mbele na nyuma kama msumeno, mkono mwingine ukiikandamiza picha kidogo ili isikunjike. Uzi ukikwama, simameni. Picha hiyo ipigwe ikiwa hapohapo kwenye ukurasa, kivulini, bila mwanga wa simu, kamera ikiwa sambamba nayo.

Mwambieni wa steshenari askani kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 9 kwa 13 itatoa takribani pikseli 2,100 kwa 3,000, inayotosha ukurasa wa A4 bila ukungu. Ya paspoti iende nukta 1,200. Faili zitumwe kama hati au zibebwe kwenye flashi, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama picha inaikamua, na lawama atabebeshwa mchapishaji wa bango.

Msifanye laminesheni picha halisi. Joto na gundi yake havirudi nyuma. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, maana kalamu ya wino hukandamiza mpaka upande wa sura. Anzeni "waliosimama, kutoka kushoto", kisha "waliochuchumaa", na asiyejulikana aandikwe "hajatambuliwa" badala ya kurukwa. Mkimruka mmoja tu, wote wanaomfuata wanabadilishana majina.

Tunaandaa mechi ya maveterani wetu dhidi ya wenzao wa Tanga. Dakika 90 zitawezekana? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Hazitawezekana, wala sheria haiwalazimishi. Sheria za mpira zinaruhusu mechi za maveterani kufupishwa, uwanja kupunguzwa na mchezaji aliyetoka kurudi tena, mradi chama kiridhie. Kubalianeni dakika 25 kila kipindi, mapumziko yasizidi 15, na idadi ya wa akiba muiandike, kisha mwamuzi apewe kabla ya filimbi. Mkiyaacha haya ya kuelewana uwanjani, ugomvi utaanza dakika ya kumi.

Kumbukeni pia kwamba Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na wageni wenu wanatoka ufukweni. Watahema mapema. Kulala usiku mmoja hakuwazoeshi hewa, kinachosaidia ni wa akiba wengi. Pilau na nyama viliwe baada ya mechi. Wote wapimwe presha asubuhi, na mwenye kifua kinachobana akae benchi na kofia ya ukocha, hata kama alikuwa nyota. Muwe na gari ambalo halitumwi kokote, dereva ndani, na mtu anayejua kukandamiza kifua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, bila kusubiri gari lifike.

Uwanja wa mita 100 kwa 64 una mistari ya karibu mita 700 ukijumlisha duara na maboksi, kwa hiyo aliyewaambia chokaa ya ndoo moja itatosha hajawahi kuchora. Kona zipimeni kwa kamba ya mita 6, 8 na 10: pembetatu hiyo ikifunga, kona ni pembe mraba. Chokaa isiyozimwa isiguse uwanja, inaunguza ngozi na macho ya anayeteleza. Rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa ni salama zaidi.

Filimbi ipulizwe saa kumi kamili, mgeni rasmi awepo au asiwepo. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, na hotuba zikitangulia mtamalizia mechi kwa taa za bodaboda.

Tuistaafishe jezi namba 3 ya marehemu, asiivae mtu tena? (Msomaji, Soweto, Moshi)

Kwa klabu yenye seti moja ya jezi, hapana. Mtaanza kumtafuta fundi wa kubandika namba 23 mwaka mzima. Hata Argentina ilipotaka kuiweka pembeni namba 10 ya Maradona kwa Kombe la Dunia la 2002, FIFA ilikataa. Mpeni namba 3 kijana wa kushoto anayeistahili.

Dakika ya kunyamaza kwetu huharibika kila mara: mshereheshaji anaongea, watoto wanacheka. Dawa ni nini? (Msomaji, Unga Limited, Arusha)

Dua au sala ifanyike kabla timu hazijaingia, familia ikiwa imeshakubaliana na sheikh au mchungaji, wala isichomekwe ndani ya ile dakika. Timu zikishazunguka duara la kati, mshereheshaji ataje jina, miaka yake klabuni na neno "tusimame", kisha kipaza sauti kizimwe kwa swichi. Filimbi ya mwamuzi ifungue na filimbi ya mwamuzi ifunge, sekunde 60 kwa saa yake. Mpiga picha asitembee. Mara nyingi watoto wanamcheka yeye.

Vitambaa vyeusi msivifunge fundo, vinashuka hadi kiwiko. Nunueni lastiki nyeusi ya upana wa sentimita 5, kila kipande sentimita 30, ncha zipandane sentimita 2 na zishonwe kwa cherehani. Kwa timu mbili, wa akiba na waamuzi, vipande 40 vinatosha, yaani mita 12. Vyote mkono wa kushoto, isipokuwa nahodha, ambaye kushoto kwake tayari kuna kitambaa cha unahodha.