Mwafrika mweusi wa kwanza Olimpiki ni nani?

SWALI: Assalam alaykum mhariri. Barazani kwetu kila jioni kahawa ikimiminwa ni ubishi tu. Mzee mmoja ashikilia kwamba Mwafrika mweusi wa kwanza kushindana Olimpiki ni Abebe Bikila, Roma 1960, mwengine asema la, ni Kipchoge Keino. Tuamulie, maana juzi watu waliondoka hawajaagana.
Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam wanabaraza. Wazee wetu wote wawili wamechelewa, tena kwa zaidi ya miaka hamsini! Bikila ndo mweusi wa kwanza wa Afrika kuchukua dhahabu, hiyo haki yake hamna wa kumnyang'anya, na Keino alianza Olimpiki Tokyo 1964. Lakini kushindana tu? Rudini nyuma mpaka 1904, St. Louis, Marekani.

Walikuwa wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana wa Afrika Kusini, na wala hawakupelekwa kule kwa michezo. Mji huohuo ulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia na wao kazi yao ilikuwa kuigiza Vita vya Makaburu, vile vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, mbele ya watu waliokata tiketi, sasa marathoni ikatangazwa wakaingia.

Ilikuwa tarehe 30 Agosti, kilomita kama 40, yaani utoke Mombasa mjini ukimbie mpaka Mtwapa urudi na bado hujamaliza, na jua lenyewe kama digrii 32, barabara vumbi tupu, magari ya waamuzi yapita yawatimulia lile vumbi usoni, maji karibu hakuna. Walianza watu 32 wakamaliza 14. Mmoja, Fred Lorz, alichoka akapanda gari, akashuka mbele huko akaingia uwanjani wa kwanza watu wakampigia makofi, mpaka ikajulikana. Na Thomas Hicks aliyepewa ushindi, saa 3 dakika 28 na sekunde 53, njiani wasaidizi wake walikuwa wakimnywesha strychnine, ile sumu ya panya, imekorogwa na ute wa yai, juu yake brandi. Siku hizo hakuna sheria ya kukataza, lakini alifika hajijui hajitambui.

Sasa katika mashaka hayo Taunyane alimaliza wa 9, na hapo yasemekana mbwa walimkimbiza mpaka nje ya njia! Mashiani wa 12. Mimi hiyo namba 9 naiona kubwa kuliko medali nyingi wallahi, mtu katoka kazini kwenye maigizo, kakimbia jua lile, mbwa nyuma yake, na kamaliza pale walipoanguka 18.

Linaloniuma ni majina. Matokeo yaliwaandika Lentauw na Yamasani, na ndivo walivosomwa miaka na miaka. Kwa hivo leo jioni kahawa ikija watajeni sawasawa: Len Taunyane, Jan Mashiani.