Boriti zimeoza vichwa, roshani imeinama: tumwage zege?

SWALI: Assalaam alaikum. Tumerithi nyumba ya ghorofa mbili Kiponda, Mji Mkongwe, na imo katika orodha ya majengo ya urithi. Chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza, kilicho chini ya choo, boriti zake zimeoza pale zinapoingia ukutani. Roshani ya mbao inayotazama njia nayo imeinama upande mmoja. Fundi anashauri tung'oe boriti zote tumwage zege la nondo, na roshani tuijenge kwa zege kisha tuipake rangi ya mbao. Je, ni sawa? Na roshani hiyo ni ya zama gani? (Msomaji, Kiponda)

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yetu. Si sawa, na roshani ya zege usiikubali hata kidogo. Boriti zilizooza zibadilishwe, nzima zibaki, lakini kabla ya yote hayo mtafute maji yanakotoka. Boriti ya mkoko au mkandaa ikikaa pakavu haiozi kwa sababu ya umri. Ukungu unaokula mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi ndani ya mbao. Chini ya hapo hulala.

Tuanze na namna nyumba ilivyojengwa, kwa sababu tiba inatoka humo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa sentimita 50 hadi 60. Boriti zimepita kutoka ukuta hadi ukuta, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba: upana hauzidi sana mita tatu, kwa kuwa boriti nzuri ya mikokoni haiwezi kubeba zaidi ya hapo. Juu yake yamelazwa mawe bapa, kisha kokoto na chokaa vilivyopondwapondwa mpaka vikashikana. Boriti hizo hazibebi sakafu tu, zinazishika kuta mbili zisiachane. Ukizing'oa zote kwa pamoja, ukuta mrefu wa nje unabaki hauna kinachouzuia kufura kuelekea njiani.

Mafundi wengi husema zege linakatazwa kwa sababu ya uzito. Hesabu haisemi hivyo. Sakafu ya mawe na chokaa yenye unene wa sentimita 28 ina uzito wa kilo 450 hivi kwa mita ya mraba, na bamba la zege la sentimita 15 lina kilo 360. Tatizo liko kwingine. Ili bamba likae, fundi atachimba mfereji kuzunguka ukuta mzima, na ukuta wa matumbawe ukichimbwa hivyo hupoteza mshikamano wake. Chumvi iliyomo katika mawe na chokaa ya zamani huingia kwenye zege, nondo zikaanza kupata kutu, zikavimba na kupasua zege kutoka ndani. Tena zege ni gumu na ukuta wa chokaa hujongea kidogo kidogo kwa joto na unyevu, kwa hiyo nyufa huanza pale viwili hivyo vinapokutana.

Roshani ni kitu kilichokuja baadaye kuliko mfumo wa boriti. Nyumba za zamani za Waarabu zilitazama ndani, kwenye uwanja wa katikati, na upande wa njia hazikuwa na mapambo. Roshani za mbao zilienea katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Kihindi walipojenga nyumba zenye duka chini na makazi juu, wakileta ufundi wa Gujarati na mbao za msaji. Mfano maarufu ni ile zahanati ya zamani ya mfanyabiashara wa Kihindi Tharia Topan, pale ufukweni mtaa wa Malindi: jiwe la msingi liliwekwa 1887, ikamalizika 1894, na ikakarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan katika miaka ya 1990. Nendeni mkaitazame kwa karibu, hasa namna mikono ya mbao inavyobeba roshani na namna nakshi zilivyotobolewa. Bila kuiona ya kwenu hatuwezi kuipa mwaka, ila kama ina mikono ya kuchonga, vibao vya nakshi chini ya paa na msaji uliounganishwa kwa ulimi na tundu, basi ni ya mkondo huo.

Sasa maji. Kwa maelezo yenu, mshukiwa wa kwanza ni choo. Fungeni maji ya choo hicho na msikitumie kwa wiki mbili, huku mkitia alama ya penseli kuzunguka doa la unyevu. Doa likipungua, mmepata jibu. Lisipopungua, pandeni juu: milizamu iliyoziba, mfereji kati ya paa la mabati na ukuta wa ukingo, au ufa juu ya dirisha. Tazameni pia plasta ya nje. Kama ilipigwa kwa saruji, mvua huingia kupitia nyufa ndogo halafu haina pa kutokea, ikajikusanya ndani ya ukuta, yaani pale pale vichwa vya boriti vilipo.

Kupima boriti, chukua bisibisi ndefu uisukume kwa nguvu ya mkono, chini na ubavuni, karibu kabisa na ukuta. Ikizama milimita tano au chini yake, ni ganda tu. Ikizama kama kwenye sabuni, toboa kwa keekee ya milimita 6, ukielekeza ndani ya ukuta, na uangalie unga unaotoka: mkavu wenye chembe ngumu ni salama, laini na wenye unyevu umeoza. Gonga kila boriti kwa nyundo pia, maana mchwa huacha nje pazima na kula ndani.

Kabla ya kugusa chochote, chumba kihamwe na sakafu isimamishwe kwa mirunda. Laza ubao wa inchi 2 kwa 6, uliosimama juu ya ubavu wake mwembamba, chini ya boriti, sentimita 40 kutoka ukutani, kila upande. Mirunda ikae kila baada ya mita moja, na mingine chini yake hadi sakafu ya chini kabisa, juu ya ubao mpana. Kaza kwa kabari mpaka iguse tu. Usijaribu kuinua sakafu iliyolala, itapasuka.

Boriti hubadilishwa moja moja, ukiruka jirani yake. Mawe ya juu yashikwe kwa vibao pande zote mbili, kisha boriti mbovu ikatwe katikati itolewe. Tuseme chumba kina mita 2.7. Boriti mpya iwe mita 3, ipate sentimita 15 za kukalia kila upande. Tundu la ukuta mmoja lichimbwe sentimita 32 na la pili 17. Sukuma boriti kwenye tundu refu mpaka ncha nyingine ipite, halafu irudishe. Chini yake weka jiwe bapa na chokaa. Pembeni na kichwani acha nafasi ya sentimita 2 ipitishe hewa. Fundi akiziba hapo kwa saruji, kichwa kipya kitaoza kama kile cha zamani. Boriti zinunuliwe zilizokatwa kwa kibali cha misitu, ziwe zimekauka na kubanduliwa maganda, na zipakwe mara tatu maji ya boraksi: gramu 60 za boraksi na 40 za asidi ya boriki kwa lita moja ya maji ya moto. Dawa hii huoshwa na mvua, kwa hiyo ni ya ndani tu.

Kama vichwa vingi mfululizo vimeoza upande mmoja na miili ya boriti ni mizima, kuna njia nafuu ambayo sisi tunaipenda zaidi: mwamba, yaani mbao nene, wa mvule wa sentimita 10 kwa 15 ulazwe kufuata ukuta chini ya boriti, ukikalia mawe yaliyopachikwa ukutani kila mita moja. Hakuna boriti inayong'olewa.

Chokaa ya kujengea na kupiga plasta iwe ya karo, yaani iliyozimwa na kulowekwa majini, iliyokaa miezi mitatu au zaidi, kipimo kimoja kwa mchanga vitatu. Mchanga wa pwani usitumike. Plasta ipigwe tabaka za sentimita moja na ifunikwe magunia mabichi kwa siku kadhaa. Ikikauka haraka kwa jua hugeuka unga.

Roshani iliyoinama kwa kawaida imeoza mahali pawili: boriti zake zinapotoka ukutani, na miguu ya nguzo. Isimamishwe kwanza kutoka njiani. Mguu wa nguzo ukatwe hadi kwenye mbao nzima na sentimita 10 zaidi, uungwe kwa kiungo cha mshazari chenye urefu mara tatu ya unene wa nguzo, kwa msaji au mvule mkavu, nyuzi zikifuatana. Skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Sakafu ya roshani iteremke nje sentimita 2 kwa kila mita. Vibao vya nakshi vipigwe picha na kuandikwa namba kabla ya kushushwa, na vilivyooza vichorewe kielelezo kutoka kwa kibao kizima cha jirani. Rangi ifike mpaka kwenye ncha zilizokatwa, maana maji hunyonywa hapo kuliko penginepo.

Yote haya yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Pelekeni picha za kila boriti, mchoro wenye vipimo na orodha ya mnachobadilisha, na muulize nyumba yenu iko daraja gani la uhifadhi. Ombeni mapema ili kazi ya ukuta na roshani ifanyike kati ya Juni na Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli. Mirunda na choo visingoje. Mwambieni mhandisi wa Mamlaka aje aione hali ya hatari, na mirunda isimikwe wiki hii.