Homoni ya ukuaji na vipimo vyake: majibu kwa wasomaji

Swali (Wete): Mpwa wangu anakimbia mita 400. Je, homoni ya ukuaji huonekana katika mkojo?

Homoni hii, iliyopigwa marufuku michezoni, hupimwa kwa damu. Nimekwisha kulijibu swali hili mara kadhaa, na naomba lisiletwe tena.

Swali (Kikwajuni): Ikiwa mwili wenyewe huitengeneza homoni hii, wapimaji hujuaje kwamba mtu amejidunga sindano?

Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni hii katika maumbo kadhaa, kuu likiwa la kilodaltoni 22 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na mengine likiwemo la 20. Homoni ya kiwandani ina hilo la 22 peke yake, na anayejidunga huifanya tezi yake ipunguze kazi, kwa hivyo uwiano wa maumbo hayo katika damu huvurugika. Kipimo cha uwiano kilianza kutumika katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, lakini mchezaji wa kwanza kuadhibiwa kwa kipimo hicho, mcheza raga wa Uingereza Terry Newton, alifungiwa mwaka 2010. Miaka yote hiyo ilipita kwa sababu dalili hutoweka baada ya siku moja au mbili. Kipimo cha pili hutazama athari za homoni, yaani IGF-1 na P-III-NP, chembe mbili za protini ambazo homoni huzifanya ziongezeke katika damu, nazo hubaki juu kwa siku nyingi zaidi. Kwa kipimo hicho wanyanyua vyuma wawili wa Urusi walinaswa katika Michezo ya Walemavu ya London mwaka 2012.

Ndiyo maana sichoki kusema kwamba kupima siku ya mashindano pekee, pale Amaan au Gombani, humkamata mzembe tu. Mchezaji apimwe kwa kushtukizwa, nyumbani kwake na mazoezini, miezi kabla ya mashindano.

Swali (kocha, Chake Chake): Vijana wangu wanaofunga Ramadhani wanaogopa kuonekana wametumia dawa. Hofu yao ina msingi?

Haina, Mwalimu, ingawa swali ni zuri. Ni kweli kwamba kufunga huongeza homoni ya ukuaji katika damu, kama ufanyavyo usingizi na mazoezi makali. Lakini tezi inapoongeza homoni huongeza maumbo yake yote, na uwiano haugeuki kuwa ule wa sindano. Ama IGF-1, njaa ya muda mrefu huishusha. Kuhusu saumu ya anayetolewa damu, waulizwe masheikh mapema, kwa sababu mchezaji anayekataa kupimwa bila ya sababu ya msingi anaweza kufungiwa miaka minne.

Swali (Mkoani): Andrus Veerpalu, mteleza thelujini wa Estonia, alishinda kesi ya kutumia homoni hii. Si ushahidi kwamba kipimo ni cha uongo?

Sivyo, na wanaolirudia neno hili hawajaisoma hukumu. Mwaka 2013 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimwondolea adhabu kwa sababu viwango vya kuamulia, yaani mpaka ambao uwiano ukiupita mtu huhesabiwa amejidunga, havikuthibitishwa ipasavyo, huku ikisema kwamba mambo mengi yalionesha kuwa alitumia homoni. Viwango hivyo vilirekebishwa baadaye.

Swali (Mwanakwerekwe): Vidonge vya homoni ya ukuaji vinavyouzwa kwenye jimu vinafaa?

Homoni hii ni protini, na ikimezwa tumbo huisaga kama nyama. Anayekuuzia kidonge amekuuzia kitu kingine, na usichokijua ndicho kitakachokufungisha, kwani mchezaji huwajibika kwa kila kinachopatikana mwilini mwake. Sindano nazo zina madhara yake: sukari kupanda, viungo kuuma, na kwa anayezidisha muda mrefu, mifupa ya taya na mikono kunenepa na moyo kutanuka. Wanaowauzia vijana wetu vitu hivi bila ya dakta wanawadhuru, na wazazi wasiwanyamazie.

Swali (mzazi, Makunduchi): Mwanangu anatibiwa kwa homoni hii kwa maagizo ya dakta, naye anacheza mpira. Aache dawa?

Asiache. Kuna kibali cha matumizi ya matibabu, nacho huombwa kwa vyeti vya dakta bingwa na majibu ya vipimo vya hospitali. Anza kulishughulikia ombi hilo sasa, kabla hajasajiliwa katika mashindano yoyote.