Siku za kufunika usikose saiti

Mabosi wengi huja saiti siku ambazo hawana cha kuona. Boma likianza kunyanyuka, kozi (mstari wa matofali) ya 5, kozi ya 6, hapo ndipo bosi anafika na mkewe, anapiga picha, anatuachia hela ya soda. Siku tuliyomwaga zege la msingi alikuwa kazini. Siku ya jamvi, lile zege la sakafu, alikuwa msibani. Siku ya lenta, mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, alipiga simu, "Fundi, mmefikia wapi?" Nikamwambia tumeshamaliza, akafurahi.

Nimeshika mwiko Dar es Salaam zaidi ya miaka 20, nikianzia usaidia fundi Mbagala, na siku hizi kazi nyingi nazipata Kivule na Chanika. Kama ndiyo kwanza unaanza nyumba yako, sikia hili kwa mtu anayelipwa na watu kama wewe: tofali lililokaa vibaya utaliona hata mwakani, lakini nondo iliyopungua ndani ya zege hutaiona tena mpaka ukuta upasuke. Ruhusa zako za kazini ziwekee siku za kufunika, yaani siku kazi inapofunikwa isionekane tena. Siku nyingine tuachie, tutajenga tu.

Ya kiwanja nisiyamalize. Zione bikoni, zile alama za mipaka, kwa macho yako, pata kibali cha ujenzi halmashauri kabla jembe halijagusa ardhi, usije ukaamka na X nyekundu ukutani. Na kiwanja ulichokipenda mwezi wa nane, kitembelee tena mwezi wa nne masika ikiwa imekolea. Hapa mjini kuna viwanja vinavyouzwa kiangazi tu.

Kwenye kupiga kamba, mwambie fundi akuoneshe kona. Pima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama, futi ya kamba lazima isome mita 5 kamili. Ikisoma 5 na sentimita 4, kona imefunguka, na deni lake utalilipa kwenye vigae na kwenye bati, maana bati halijui kwamba chumba chako kimepinda. Kisha pima nyumba nzima kimshazari, kona hadi kona ya mkabala, mishazari yote miwili. Vipimo viwili vikilingana, ruhusu watu wachimbe.

Wanachimba hadi wapi? Wengi wanataka niwatajie futi. Sitaji. Tunachimba mpaka ardhi ngumu ambayo haijawahi kuguswa, iwe futi 2 au 4. Udongo wa mfinyanzi ndio unaovunja nyumba, kwa kuwa masika unavimba na kiangazi unasinyaa. Ukiona kiwanja kina nyufa zinazoingiza kidole, mlipe mhandisi aje aangalie kabla hujanunua hata tofali moja.

Sasa zege. Ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto: hicho kipimo kila fundi anakijua, hata atakayekuibia. Uchakachuaji unaingia kwenye ujazaji. Ndoo ya saruji inafutwa mdomo, ya mchanga inapandishwa kichuguu. Simama pale angalau mizunguko 3 ya kwanza. Kinachofuata ni maji, na hapa hata fundi mwaminifu anakosea. Zege likiwa kama uji linatiririka lenyewe, vibarua hawachoki, kazi inaisha mapema. Ila yale maji ya ziada yakishakauka yanaacha vitundu, na zege lenye vitundu halina nguvu hata ungelitilia mifuko mingapi. Jaza ndoo, ishindilie, ipindue chini kama unavyopindua ugali, kisha inyanyue. Zege likibaki limesimama na kushuka kidogo tu, sawa. Likimwagika kama mboga, lirudishe.

Mchanga nao upime siku lori linapofika, dereva akiwa bado hajamwaga. Jaza nusu ya chupa ya plastiki iliyo angavu, ongeza maji, tikisa, iache saa chache. Mchanga unakaa chini, tope linakaa juu yake. Tope likikaribia sehemu moja ya kumi ya mchanga, huo mchanga hautakushikia saruji. Dereva hatasubiri saa zote hizo, najua. Ndiyo maana chukua sampuli siku moja kabla, huko huko wanakouzia. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, chumvi yake inakula nondo.

Matofali mimi nashauri ufyatue saiti kama una maji na mtu wa kuyalinda. Mfuko wa saruji wa kilo 50 sitoi matofali zaidi ya 30 ya inchi 6. Wauzaji wengine wanauvuta mpaka wanapita 40, na hapo unanunua mchanga ulioshikana. Ukinunua ya kiwandani, kwaruza kona kwa msumari. Ikidondoka kama sukari guru, ondoka. Yawe yametoka wapi, yanywe maji siku 7, asubuhi na jioni. Kwenye hesabu, mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama matofali 9 yaliyosimama, weka 10 ukihesabu yatakayovunjika. Ya msingi tunayalaza, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine.

Jamvi ndilo lililoniumiza mwenyewe. Ndiyo, fundi nilipigwa kwenye nyumba yangu. Nilikuwa na kazi ya mtu Kigamboni, nikamwachia kijana wangu ajaze kifusi ndani ya msingi, nami nikarudi jioni nikakuta kila kitu kimejaa, kimesawazishwa, kinapendeza. Kesho yake tukamwaga zege. Masika ya kwanza, chumba cha watoto sakafu ikashuka kwa vidole viwili kwenye kona. Kijana alimwaga kifusi chote kwa mara moja na kushindilia juu tu. Kifusi kinawekwa kidogo kidogo, kama sentimita 15, kinamwagiwa maji, kinashindiliwa, ndipo tabaka lingine linafuata. Ni kazi inayochosha kuliko kujenga, na hakuna anayeiona ikiisha. Baada yake panga mawe, piga dawa ya mchwa, tandaza nailoni nzito, viungo vyake vipandane vizuri. Kama nailoni imetobolewa na mawe, ibadilishwe ukiwa hapo hapo umesimama. Unyevu unaopanda ukutani baada ya miaka 2 huwa unalaumiwa rangi, na rangi haina kosa.

Lenta: kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, mkanda wangu una nondo 4 za mm 12, ringi za kuzizungushia za mm 8 kila sentimita 20. Kama una mchoro wa mhandisi, fuata mchoro, niache mimi. Nondo zipime dukani. Nondo halisi ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inakaribia kilo 10.7, ukikuta kilo 7 na kidogo, umeuziwa mm 10. Kabla ya kumwaga, chungulia ndani ya boksi: nondo zikalie biskuti za zege, vile vipande vidogo vya kuzinyanyua, zisilale juu ya mbao, la sivyo kutu itazifikia. Mbao za pembeni tunaweza kuzitoa kesho kutwa. Mirunda, zile nguzo za miti, iliyobeba juu ya milango na madirisha iache siku 14, hata fundi akilia kwamba anaihitaji kwa kazi nyingine. Atalia.

Kwenye paa kumbuka kitu kimoja: geji, namba ya unene wa bati, ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30. Mbao ziwe zimetiwa dawa, za Mafinga au Njombe zinapatikana kwa wingi, na aliyekuuzia usimwamini kwa rangi tu. Kata kipande uone dawa imeingia kiasi gani.

Hela. Usinilipe zote mbele, na usininyime ya kula. Fundi mwenye njaa anaondoka kwenda kutafuta siku moja kwa jirani, na anaporudi ni baada ya wiki. Mkubaliane kwa hatua: msingi hadi jamvi, boma hadi lenta, kupaua, lipu. Kila hatua ibakize kitu mpaka uikague. Saruji usirundike. Nimekuta mtu kanunua mifuko 100 kwa sababu bei ilishuka, kailaza kwenye sakafu ya udongo, na vuli ikamgeuzia 30 kuwa mawe. Nunua ya wiki mbili, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Jambo la mwisho ni dogo, halina gharama. Siku mabomba ya maji na ya umeme yameshapita ukutani na lipu bado, piga picha kila ukuta, futi ya kamba ikiwa imeshikiliwa kutoka kona au kutoka mlangoni. Zihifadhi mahali usipoweza kuzipoteza ukibadili simu. Mwaka jana mama mmoja alinipigia, nyumba nilimjengea miaka 6 iliyopita, fundi wa makabati alikuwa ametoboa bomba jikoni na maji yanaruka hadi dari. Aliniuliza koki ya kufunga iko wapi na bomba linapita wapi. Nilikuwa Chanika juu ya kenchi za paa. Nikamwambia afungue zile picha nilizomsumbua azipige.