Dhoruba ya usiku Ziwa Victoria: jipange kana kwamba hakuna anayekuja

Tuanze na hesabu ndogo. Uko kwenye mtumbwi wa dagaa, kilomita 6 kutoka nchi kavu, saa 8 usiku, na umeme unamulika upande wa kisiwa cha Ukerewe. Ukiuona mmuliko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3: hizo ndizo kilomita. Ukifika 30, dhoruba iko kama kilomita 10. Wingu la namna hiyo likitembea kilomita 40 kwa saa litakufikia baada ya dakika 15. Mtumbwi wenye nyavu, taa na watu 5, ukisukumwa na injini ya nguvu za farasi 15, tuseme unakwenda kilomita 12 kwa saa. Kwa dakika hizo 15 utakuwa umesogea kilomita 3 tu. Zimebaki 3 nyingine, na upepo umeshakushika ubavuni.

Na hapo tumekupendelea, maana upepo hausubiri mvua. Mvua ikianza kushuka ndani ya wingu huburuta hewa ya baridi hadi chini. Hewa hiyo ikigonga maji hutawanyika na kutangulia mbele ya wingu lenyewe. Ndiyo maana mara nyingi ziwa hutulia kwanza, joto linanata mwilini, halafu unahisi ubaridi shavuni kutoka upande wa lile wingu. Ubaridi huo ukikufikia, una dakika chache tu. Kama mwalo, yaani ufuko wa kutia mitumbwi, uko ndani ya kilomita 3 na njia ya kuingilia haina mawe, kata wavu, ufungie boya, ondoka. Utarudi kuutafuta asubuhi. Kama uko mbali zaidi ya hapo, usikimbie. Tumia dakika zile kuandaa chombo, kwa sababu kinachokimbizwa na mawimbi kutoka nyuma ndicho kinachogeuzwa ubavu na kujazwa maji.

Ziwa hili la karibu kilomita za mraba 68,800 hujipikia hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani, na mawingu ya ngurumo husimama juu ya nchi: ndipo mabati ya vilimani Mwanza yanapong'oka jioni na Mto Mirongo kufurika. Usiku mambo hugeuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, pepo za kutoka pande zote zinakutana juu ya ziwa na kupanda, na ngurumo nyingi huangukia kati ya saa 6 usiku na saa 3 asubuhi. Huo ndio muda wa dagaa, wanaovuliwa gizani kwa taa. Anayesema "mbona jioni palikuwa shwari" anaongelea ziwa jingine.

Kwa hiyo taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania isikilizwe kabla ya kupakia, si baada. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi huidharau njano. Lakini taarifa ikitaja mawimbi ya mita 2, pima ubavu wa chombo chako: kutoka usawa wa maji hadi ukingoni ni nusu mita, ikizidi sana. Halafu mawimbi ya ziwani si kama ya bahari kuu. Ni mafupi, yamesimama, na yanafuatana. Omo, yaani mbele ya chombo, haijamaliza kupanda moja, jingine limefika. Kwa mtumbwi, njano inatosha kulala nyumbani. Tunajua mwenye chombo atapiga simu kuuliza kwa nini taa hazijawashwa. Huyo yuko kitandani. Neno la mwisho ni la nahodha.

Jaketi okozi lina makosa matatu yanayojirudia. La kwanza, liko chomboni lakini limefungwa kwenye gunia chini ya nyavu, au limekuwa mto wa kulalia. Hakuna anayelivaa majini gizani huku mawimbi yanampiga. Livae ukiwa bado mwaloni. La pili, limevaliwa bila kufungwa. Mtu akitumbukia, jaketi linapanda hadi masikioni, mikono inanyanyuka, anachomoka chini yake. Funga mikanda yote, kisha mwenzako akuvute mabegani kwa nguvu: likipanda hadi kidevuni, kaza tena au tafuta saizi yako. La tatu ni ubovu usioonekana. Sponji iliyolaliwa mwaka mzima husinyaa, na zile za bei chee hunywa maji. Lipime hivi: lipime uzito likiwa kavu, lizamishe usiku kucha kwenye pipa ukiliwekea jiwe juu, asubuhi litoe, liache lichuruzike robo saa, lipime tena. Kitambaa kitaongeza kiasi kidogo. Likirudi na kilo mbili au tatu za ziada, sponji inakunywa maji, halikufai. Kisha ingia nalo kwenye maji ya kifuani, kunja miguu. Mdomo ukibaki juu bila kupiga mikono, jaketi linafaa.

Dumu tupu la lita 20 si mbadala wa jaketi, lakini linabeba watu wawili, hata watatu, wakilishikilia bila kulipanda. Kasoro yake ni utelezi. Zungushia kamba yenye mafundo ungali nchi kavu, hakikisha mfuniko una mpira wake, na uliache huru, lisifungwe kwenye chombo kwa fundo usiloweza kulifungua kwa mkono mmoja.

Injini nayo ina tabia ya kuzima saa ile ile unayoihitaji, na watu husema ni mkosi. Si mkosi. Petroli ya kununua kwa vidumu mara nyingi huwa na maji kidogo na uchafu, ambavyo vikitulia hukaa chini ya tangi, na injini inanyonya petroli safi juu yake. Mawimbi yakianza kulitikisa tangi, uchafu na maji vinapanda, vinaingia kwenye mpira wa mafuta, injini inakohoa na kufa. Kabla ya safari mimina kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, iache nusu saa. Maji yatakaa chini, petroli juu, na mpaka wake utauona kwa macho. Ukiuona, mwaga ile ya chini na uchuje iliyobaki. Pia gawanya mafuta mara tatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi isiyoguswa, kwa sababu kurudi dhidi ya upepo huweza kula karibu mara mbili. Ndani ya kopo lenye mfuniko weka plagi mbili mpya, spana yake, kamba ya akiba ya kuwashia na pini ya propela. Na makasia yawepo, hata kama yanawachekesha vijana.

Dhoruba ikikukuta, wote waketi sakafuni, si juu ya mbao za kukalia, na yeyote asisimame kuhamia upande wa pili. Shusha taa na milingoti. Kwenye maji tambarare kilichosimama ndicho radi hukipenda. Barafu, maji ya ziada na samaki vitupwe mapema. Kama injini inafanya kazi, elekeza omo kwenye mawimbi kwa mshazari kidogo, mwendo wa polepole tu wa kutosha usukani ushike. Mmoja kazi yake iwe kuchota maji na si kingine, akiwa na ndoo mbili zilizofungwa kamba, maana ndoo ya kwanza mara nyingi huchukuliwa na wimbi.

Injini ikifa, chombo kitageuka ubavu chenyewe kisipozuiwa. Nanga ya jiwe yenye kamba ya mita 30 haisaidii penye kina cha mita 40, na ndicho kina cha wastani cha ziwa hili. Hata penye kina kidogo, kamba inatakiwa iwe mara 5 ya kina. Ikiwa fupi inavuta omo chini kila wimbi linapopanda. Tumia nanga ya kuelea: gunia kubwa lililowekewa duara la waya mdomoni ili libaki wazi, tundu la ukubwa wa ngumi kwenye kitako, na kamba ya mita 25 iliyofungwa omoni, kamwe si tezini, yaani nyuma. Gunia likijaa maji linashikilia omo kuelekea upepo, nanyi mnasogea taratibu. Bila gunia, wavu uliosokotwa na kufungwa pamoja unafanya kazi hiyo hiyo, mradi uende mbali na propela.

Kikipinduka, baki nacho. Mtumbwi wa mbao huendelea kuelea, na mwokoaji huuona kabla ya kichwa cha mtu. Taa za Mwanza huonekana karibu kuliko zilivyo, na waogeleaji hodari ndio wanaodanganyika. Shikaneni mikono, kunjeni magoti kifuani kupunguza baridi; maji yana vuguvugu, lakini saa nyingi ndani yake humaliza nguvu.

Simu ikae kwenye mifuko miwili ya plastiki, kila mmoja umefungwa fundo lake, shingoni na si mfukoni. Sauti ikikataa, ujumbe mfupi huweza kupenya mtandao ukirudi hata sekunde chache. Uandike ukiwa bado nchi kavu, ubaki kujaza sehemu tu: jina la chombo, rangi, watu wangapi, kisiwa kilicho karibu na kiko upande gani wako, upepo unasukuma wapi. Mtumie mtu wa mwaloni, yeye ndiye apige 112 au 114 huku akiwaamsha wenye injini.

Wenye injini wa jirani ndio wanaofika kwanza. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara, Septemba 20, 2018, na ndege ilipotumbukia ziwani Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi walikuwa majini kabla ya boti yoyote ya serikali. Kwa hiyo nao wajue namna ya kukaribia: njoo ukielekeza omo kwenye upepo, rusha kwanza dumu lenye kamba, na zima injini kabisa kabla mtu hajagusa chombo, kwani propela inayozunguka bila gia bado huweza kukata. Mwenye mtumbwi mwembamba asimvute mtu kwa ubavu. Ampandishie tezini injini ikiwa imezimwa.

Aliyetolewa majini bila kupumua asining'inizwe miguu juu wala kukamuliwa tumbo. Tabia hiyo hupoteza dakika ambazo anahitaji hewa, na huleta matapishi yanayoingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mpaka kifua kinyanyuke. Kisha mikandamizo 30 katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hivi, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, na kuendelea. Akitapika, mgeuze ubavu, futa, rudia. Akizinduka na kusema yuko sawa, bado apelekwe hospitali, Bugando au Sekou Toure kwa walio Mwanza, maana mapafu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Waokoaji wakifika watauliza kwanza mlikuwa wangapi. Jibu likiwa "kama saba hivi," wazamiaji watamtafuta hadi jioni mtu aliyelala kwake Kirumba, au watakunja kamba mapema huku mmoja angali majini. Daftari la mwaloni liwe na majina yote, saa ya kuondoka, eneo la kuvua, na saa ambayo chombo kisiporudi msako unaanza. Jina la aliyeomba lifti hadi kisiwa cha Kome liandikwe pia, hata kama hakulipa.